Uzi wa asali: maabara inapima nini hasa, na kwa nini glasi ya maji haiwezi kukuambia kama imechakachuliwa

Sega Tupu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu.

Kazi yangu ni kupokea asali kutoka kwa warina asali na kuikagua kabla haijachujwa na kufungashwa. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni "Hii asali ni safi?" Na kila mara inabidi niulize na mimi: safi kwa maana ipi? Haijaongezwa sukari? Haina maji mengi? Haina mabaki ya dawa? Haijapikwa? Kila moja ya hayo ina kipimo chake, na hakuna kipimo kimoja kinachojibu yote kwa mpigo. Asali inaweza isiwe na hata tone la shira na bado ikawa imeharibika. Inaweza pia kupita vipimo vyote vya kawaida huku sehemu kubwa yake ni shira ya mchele. Nataka tuliweke sawa jambo hili kwa sababu walaji wanatapeliwa, na wafugaji nyuki waaminifu wanachafuliwa jina kwa vipimo vya kubahatisha.

Nianze na hivyo vya kubahatisha. Kudondosha asali kwenye glasi ya maji uone kama inazama. Kuchovya njiti ya kiberiti kisha kuiwasha. Kuweka tone kwenye karatasi uone kama inalowa. Kuangalia kama sisimizi wanaikaribia. Vipimo hivi, vikijitahidi sana, vinakuonyesha uzito na maji. Shira iliyochemshwa hadi ikawa nzito kama asali itazama vilevile, njiti itawaka vilevile, karatasi haitalowa. Asali halisi iliyorinwa kabla ya kukomaa ndiyo itakayoanguka. Maana yake tapeli aliyepika shira yake vizuri anapita, mrina mkweli aliyewahi kuvuna anaitwa mwizi. Sisimizi nao hula vyote viwili.

Na kuganda si dalili ya sukari iliyoongezwa. Glukosi ikiwa nyingi ukilinganisha na maji yaliyomo, hujitenga na kuwa chembe. Asali ya maua fulani huganda ndani ya wiki chache, ya maua mengine hukaa zaidi ya mwaka ikiwa majimaji. Ubaridi wa karibu nyuzi 14 ndio unaoigandisha upesi zaidi. Nimeona watu wakirudisha asali nzuri kabisa kwa sababu hiyo tu, na inaniuma.

Sasa twende kwenye viwango. Msingi unaotumiwa na nchi nyingi ni Codex Alimentarius, mkusanyiko wa viwango vya chakula ulioanzishwa na FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, mwaka 1963. Cha asali kinaitwa CXS 12-1981, kikafanyiwa marekebisho 1987 na 2001. Kinasema asali ni kile nyuki anachotengeneza kutokana na mbochi, yaani maji matamu ya maua, au utamu mwingine wa mimea, na kwamba haitakiwi kuongezwa kitu chochote: si sukari, si ladha, si rangi, si maji. Chavua isiondolewe, isipokuwa pale inapopotea bila kukwepeka katika kutoa uchafu. Na isipashwe moto kiasi cha kubadilisha asili yake.

Nitakaa sana kwenye maji, maana hapo ndipo asali nyingi inapoharibikia. Kiwango ni maji yasiyozidi asilimia 20. Ndani ya asali mna hamira za asili zinazostahimili utamu mkali. Maji yakiwa chini ya asilimia 17 hivi, hamira hizo hazifanyi kitu hata ziwe nyingi. Yakipita 19, hata chache zinatosha kuichachisha. Utaona povu juu, kifuniko cha ndoo kimevimba, harufu inaelekea pombe au siki. Wengi hawajui kwamba asali iliyokuwa salama inaweza kuchacha baada ya kuganda. Glukosi ikishajitenga kuwa chembe, maji yake yanabaki kwenye sehemu ambayo bado ni majimaji, na sehemu hiyo inakuwa nyepesi kuliko asali ilivyokuwa mwanzo. Ndiyo maana ndoo iliyoganda nusu, chini ngumu na juu inachezacheza, ndiyo ninayoifungua kwanza ninapopokea mzigo.

Maji hayo yanatoka wapi? Mbochi inaingia mzingani ikiwa majimaji. Nyuki huihamisha chumba hadi chumba na kuipepea mpaka ikomae, ndipo wanaziba vyumba kwa nta. Sega lililozibwa robo tatu na zaidi kwa kawaida liko tayari. Lenye vyumba vingi vilivyo wazi, lishike mlalo ulitikise kwa nguvu kidogo. Matone yakiruka, lirudishe.

Halafu kuna hewa, ambayo watu hawaihesabu. Asali hunyonya unyevu. Iache wazi kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 60, itatulia kwenye maji karibu asilimia 18. Unyevu wa hewa ukiwa 70, asali inaelekea 24. Kwa hiyo anayekamua siku ya mvua, akaacha ndoo wazi usiku kucha ichuje polepole kwenye kitambaa, ameongeza maji bila kumwaga hata tone.

Cha pili ni joto. Hapa maabara hupima vitu viwili vinavyokwenda kinyume. Kimoja ni HMF, kemikali inayozaliwa sukari ya asali, hasa fruktosi, inapovunjika ndani ya asidi ya asali yenyewe. Asali mpya karibu haina. Cha pili ni diastesi, kimeng'enya ambacho nyuki hukiweka wanapoitengeneza. Joto na muda hupandisha HMF na kushusha diastesi. Codex inataka HMF isizidi miligramu 40 kwa kilo, au 80 kwa asali iliyotangazwa kuwa imetoka maeneo ya joto ya tropiki, na diastesi isipungue 8 kwa kipimo cha Schade, kizio cha nguvu ya kimeng'enya hicho, au 3 kwa asali ambazo kwa asili yake zina vimeng'enya vichache.

Kuona jinsi joto linavyokula, fuata diastesi peke yake. Asali ikikaa kwenye nyuzi 30, nusu ya diastesi hupotea kwa siku zipatazo 200. Kwenye nyuzi 40, mwezi mmoja. Kwenye 60, siku moja. Kwenye 80, saa moja na dakika kidogo. Aliyechemsha asali sufuriani ili isigande ameiua, hata kama mizinga ni yake na nyuki ni wake. Lakini HMF katika viwango hivi si sumu ya kuogofya mtu. Kahawa na matunda makavu huwa nayo kwa wingi zaidi. Tunaipima kwa sababu inasimulia asali imepitia nini.

Uchakachuaji sasa. Sukrosi, yaani sukari ya kawaida ya mezani, isizidi gramu 5 katika gramu 100, ingawa asali za maua fulani zimeruhusiwa 10 au 15. Fruktosi na glukosi kwa pamoja zisipungue 60. Anayemwaga sukari iliyoyeyushwa kwa maji ananaswa hapo hapo. Ila wachakachuaji wakubwa hawafanyi hivyo. Wanatumia shira za kiwandani ambazo tayari zimevunjwa kuwa glukosi na fruktosi, kwa uwiano unaokaribiana na wa asali.

Kuwanasa hao, wanasayansi waligeukia kaboni. Mahindi na miwa hutengeneza sukari kwa njia tofauti na mimea mingi inayotembelewa na nyuki, na sukari yake hubeba zaidi ile kaboni nzito, kaboni-13. Maabara hutoa ile protini kidogo iliyomo kwenye asali, ambayo chanzo chake ni nyuki na chavua, kisha hulinganisha kaboni ya protini na kaboni ya asali nzima. Vikipishana kupita kiwango, sawa na shira ya asilimia 7 hivi, asali imeanguka. Nakipenda kipimo hiki kwa sababu asali inatoa ushahidi dhidi yake yenyewe, huhitaji kujua imetoka wapi.

Shida ni kwamba mchele, ngano na bitiruti za sukari ziko kundi moja na maua. Shira zake zinapita hapo kama hazipo. Tume ya Ulaya ilikagua shehena 320 za asali iliyoingizwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya mwaka 2021 na 2022, na 147 kati yake zilishukiwa, sawa na asilimia 46. Katika ukaguzi wa 2015 hadi 2017 zilikuwa asilimia 14. Shira ya mahindi ilikuwa imeachwa, na hizo za mchele, ngano na bitiruti zimeshika nafasi yake. Ninasema "zilishukiwa" kwa makusudi. Mbinu zilizotumika ni za utafiti, hazijawa vipimo rasmi vya kumhukumu mtu, na wanaoinakili ile 46 wakisema nusu ya asali duniani ni feki wanakosea. Zile zilikuwa shehena za mpakani, kwa kipindi kimoja.

Upande wa usalama nitapita haraka. Mabaki ya antibayotiki ndiyo yanayofunga masoko. Mwaka 2002 Ulaya ilizuia asali ya China kwa sababu ya kloramfenikoli. Hiyo ni dawa isiyoruhusiwa kabisa kwa wanyama wa chakula, kwa hiyo hakuna kiasi cha "kuvumilika". Anayetibu nyuki wake kwa dawa za kubahatisha anaharibu jina la nchi nzima, maana nchi inayotaka kuuza Ulaya lazima iwe na mpango wa kufuatilia mabaki na iwe kwenye orodha. Vyombo pia viangaliwe: asali ina asidi, ikikaa kwenye ndoo ya bati lenye zinki inalichubua. Na pipa lililowahi kubeba kiuatilifu halisafishiki. Narudia, halisafishiki.

Leteni maswali.

---

Mzinga Mkavu

Mkuu uzi mzuri, ila kuna mahali hujatutendea haki sisi wa maeneo ya joto. Asali yangu haijawahi kuona moto. Imekaa ghala la bati kiangazi chote nikisubiri mnunuzi, akaja na majibu ya maabara HMF 61, akaniambia nimechemsha na bei akaikata. Nilijisikia vibaya sana, nimeitwa mwongo mbele ya vijana wangu.

Swali la pili. Nina rifraktomita ya mkononi, kile kifaa kinachopima kwa kupinda kwa mwanga, ya kupimia juisi na shira. Inasoma Brix, yaani asilimia ya sukari. Nikisoma 81 natoa kwenye 100, napata maji 19. Maabara wanasema 17 na kitu. Nani anadanganya?

---

Sega Tupu

Mkuu Mzinga Mkavu, pole kwa hilo, na una haki ya kulalamika. HMF haijui kama joto limetoka jikoni au limetoka kwenye paa la bati. Inajumlisha joto lote na muda wote. Mnunuzi aliyesoma namba hiyo akasema "umechemsha" amesema kitu ambacho kipimo hakikumwambia. Angeweza kusema "imepata joto jingi", basi. Kwa 61, kama uliitangaza kuwa asali ya tropiki, bado uko ndani ya 80. Na ujue kwamba HMF na diastesi katika Codex vimewekwa kwenye kiambatisho cha hiari kwa ajili ya makubaliano ya wafanyabiashara. Kwa hiyo kwenye mkataba ujao andikeni kabisa: HMF ngapi, ipimwe siku gani, nani anabeba jukumu la ghala.

Lakini ghala nalo lirekebishwe. Ghala la bati mchana wa kiangazi hufika nyuzi 40 bila shida, na kwenye nyuzi 40 HMF hufika 30 ndani ya wiki chache. Ndoo ziwe mbali na paa na ukuta unaopigwa na jua, na ile ya zamani itoke kwanza.

Kuhusu rifraktomita, wote wawili wako sahihi. Kipimo cha Brix kimetengenezwa kwa maji ya sukari ya mezani. Sukari za asali hupindisha mwanga tofauti kidogo, kwa hiyo ukitoa kwenye 100 unajihesabia maji zaidi ya yaliyopo kwa karibu asilimia moja na nusu hadi mbili. Brix 81 ni maji ya 17 na kitu, kama walivyokwambia. Tafuta rifraktomita yenye mstari wa maji ya asali, au pata jedwali la asali na usome humo. Umekuwa ukijinyima mwenyewe.

Na irekebishe mara kwa mara. Kwa kuwa ya asali haishuki hadi sifuri, maji matupu hayaisaidii. Wengi hutumia mafuta safi ya zeituni, ambayo husoma karibu 71 au 72 ya Brix. Ikisoma 69 ujue imehama. Kioo chake kifutwe kwa maji ya uvuguvugu na kikaushwe kabisa. Tone moja la maji lililobaki kwenye kona linakupa asali mbaya isiyokuwepo.

---

Mama wa Wawili

Samahani wakuu, mimi si mfugaji, ni mama tu. Mwanangu mdogo ana miezi saba na kikohozi kimemshika. Nimenunua asali ambayo ina cheti cha maabara, vipimo vyote imepita. Je, kwa hiyo yenye cheti naweza kumlambisha kidogo?

---

Muuguzi wa Zamu

Dada, hapana. Tafadhali usimpe. Hata tone la kidoleni, hata iliyochanganywa kwenye maji ya moto, hata ya kupaka kwenye chuchu ya chupa. Mtoto chini ya miezi 12 hapewi asali, na cheti hakibadilishi hilo.

Sababu ni kijidudu kinachoitwa Clostridium botulinum. Kiko kwenye udongo na vumbi, na spora zake zinaweza kuwemo ndani ya asali nzuri kabisa. Spora ni kijidudu kilicholala ndani ya ganda gumu, na kuchemsha kwa kawaida hakuiui. Mtu mzima akiila, inapita tu, kwa sababu utumbo wake una bakteria wengi walioshika nafasi. Utumbo wa mtoto mchanga bado haujajaa. Spora inaamka humo, inazaliana, inatoa sumu inayolegeza misuli. Ugonjwa wenyewe ulitambuliwa mwaka 1976 na asali ikathibitika kuwa moja ya njia zake.

Kama alishapewa siku za karibuni, angalia: kufunga choo ndiyo huwa dalili ya kwanza, halafu kunyonya kwa unyonge, kilio chembamba, kope kulegea, shingo kushindwa kubeba kichwa. Ukiona hata moja pamoja na historia ya asali, kimbia hospitali na uwaambie wazi kwamba alikula asali. Usisubiri asubuhi. Inatibika, lakini misuli ya kupumua inaweza kuchoka.

Wewe unayenyonyesha kula asali yako bila wasiwasi, spora haziingii kwenye maziwa. Na kikohozi cha miezi saba kipelekwe kliniki.

---

Mama wa Wawili

Asante sana dada Muuguzi. Nilikuwa sijampa bado. Nashukuru Mungu nimeuliza. Sasa hivi ndio tunatoka kwenda kliniki.

---

Sega Tupu

Dada Muuguzi, ubarikiwe. Naomba wote msome hapo mara mbili. Maabara ya asali kwa kawaida haitafuti hizo spora, na hata ikizitafuta kwenye sampuli moja ikazikosa, haimaanishi ndoo nzima haina. Ndiyo maana ulinzi hapa ni umri wa mlaji. Wafungashaji, andikeni kwenye lebo kwa herufi zinazosomeka: isipewe mtoto chini ya miezi 12.

---

Nyuki Wadogo

Mimi nafuga nyuki wasiouma, wale wadogo. Asali yangu imerudishwa: maji 28, diastesi karibu hakuna, asidi juu. Nimeambiwa imeharibika. Lakini ndivyo ilivyo siku zote, chachuchachu na nyepesi, na watu wanaipenda hivyo hivyo. Nimeongeza nini mimi?

---

Sega Tupu

Hujaongeza kitu ndugu. Umepimwa kwa kipimo cha mnyama mwingine. Namba zote nilizozitaja hapo juu zilitokana na asali ya nyuki wanaouma, jamii ya Apis. Asali ya nyuki wadogo kwa asili yake huwa na maji ya asilimia 25 hadi 35 na asidi kali, na hata sukari zake si zilezile. Mwaka 2020 watafiti walionyesha kwamba nyingi ya asali hizo zina sukari iitwayo trehalulosi kwa wingi, ambayo kwenye asali ya kawaida huipati kwa kiasi cha maana. Ukilazimisha ifikie gramu 60 za glukosi na fruktosi, itaanguka ikiwa safi kabisa.

Kuna nchi zilizoliona hilo. Malaysia ilitoa kiwango chake maalumu mwaka 2017 kwa asali ya aina hiyo, inayoitwa huko kelulut, na ikaruhusu maji hadi asilimia 35 kwa asali mbichi. Unachoweza kufanya leo: usiiuze kama "asali" tupu kwa mnunuzi anayetumia kiwango cha kawaida, iandike jina lake kamili, na usiichanganye kamwe na ya nyuki wakubwa, kwa sababu utaharibu zote mbili. Kwa maji hayo itaendelea kuchacha taratibu, kwa hiyo itunze kwenye baridi na chupa zisijazwe hadi shingoni. Na shirika la viwango la nchi yako liandikieni mkiwa kikundi. Viwango huandikwa na watu, na wasipowasikia wafugaji wa nyuki wadogo wataendelea kunakili vya wengine.

---

Hoja Kwanza

Nimesoma yote. Sasa Sega Tupu, umekiri mwenyewe kwamba shira ya mchele inapita kipimo cha kaboni. Vilevile nimesikia kuna mashine ya NMR, ya kupima asali kwa sumaku, nayo inadanganyika. Kama maabara inaweza kukwepwa, si bora kila mtu anunue kwa mrina anayemjua, haya mengine tuyaache?

---

Sega Tupu

Kununua kwa unayemjua ni jambo jema, sipingi. Lakini unayemjua anaweza kuwa mkweli na bado akakuuzia asali ya maji 22, au iliyowekwa kwenye pipa la dawa, bila yeye mwenyewe kujua. Uaminifu wake hauoni mabaki ya antibayotiki.

Kuhusu kukwepa: mchakachuaji anakwepa kipimo kimoja kimoja. Kukwepa vyote kwa wakati mmoja ndiko kunakomgharimu. Shira ya mchele ina alama zake za kikemikali ambazo hazimo kwenye asali, na zinatafutwa. Shira zinazovunjwa kwa vimeng'enya vya kiwandani huacha mabaki ya vimeng'enya ambavyo nyuki hana. Ukizidisha shira, chavua inapungua, na mtaalamu wa darubini akihesabu chavua anaona asali inayodaiwa kuwa ya ua fulani haina chavua ya kutosha ya ua hilo. Wengine huichuja mno ili chavua yote itoke na asili isijulikane, na kukosekana huko kwenyewe tayari ni swali.

NMR husoma asali nzima kwa sumaku na kuilinganisha na hazina ya asali zilizokwisha kusomwa. Nguvu yake ndiyo udhaifu wake. Kama hazina hiyo haina asali za kutosha za maeneo na maua ya kwako, asali yako halisi inaweza kuonekana ngeni na kutiliwa shaka. Mnunuzi akikuletea ripoti ya NMR inayosema "si ya kawaida", muulize hazina ina sampuli ngapi za eneo lako. Ana wajibu wa kujibu.

Na mwisho kuna karatasi. Mtu mwenye mizinga mia moja hawezi kuuza asali ya mizinga elfu tano. Kumbukumbu za nani kavuna kiasi gani, lini, zikifuatwa hadi kwenye chupa, hunasa udanganyifu ambao mashine haiuoni. Ulaya imepitisha maelekezo namba 2024/1438, yanayoanza kutumika Juni 2026, kwamba asali iliyochanganywa iandikwe kwenye lebo nchi zote ilikotoka pamoja na asilimia ya kila moja. Ule mtindo wa kuandika tu "mchanganyiko wa asali za ndani na nje ya Umoja" unaondoka. Kwangu hilo lina uzito kuliko mashine nyingi, maana linamlazimisha mfungashaji kujua.

---

Hoja Kwanza

Hapo kwenye karatasi nimekuelewa. Ila bado kuna watu wanasema kama ni ya asili basi haina madhara. Hilo nalo?

---

Sega Tupu

Si kweli, mkuu. Kuna asali halisi inayoumiza. Pwani ya Bahari Nyeusi upande wa Uturuki nyuki hutumia maua ya rododendroni yenye sumu iitwayo grayanotoksini, na mtu akila asali hiyo mapigo ya moyo na shinikizo la damu hushuka, anaishia hospitali. New Zealand kuna sumu iitwayo tutini, inayotokana na kichaka cha tutu. Huko wameweka kikomo cha miligramu 0.7 kwa kilo, na anayeuza lazima aonyeshe kwamba asali yake haivuki hapo. Hakuna aliyeongeza kitu humo.

---

Mzinga Mkavu

Mkuu, la mwisho kutoka kwangu. Safari hii nataka kupima mwenyewe kabla mnunuzi hajaja, ili nisiitwe tena mwongo. Sampuli naichukuaje? Nina mapipa, mengine yameganda.

---

Sega Tupu

Hapo ndipo ugomvi mwingi unapoanzia, kwa hiyo fanya polepole. Usichote juu tu. Juu ya pipa ndipo penye maji mengi zaidi, hasa likiwa limeganda chini. Tumia bomba refu safi na kavu la chuma kisichoshika kutu, lizamishe hadi chini, uchukue sehemu tatu au nne tofauti, uchanganye kwenye chombo kimoja. Kila kundi la mapipa liwe na sampuli yake. Mapipa ya msimu tofauti usiyachanganye ili kupunguza gharama, kwa sababu moja likianguka yote yanaanguka.

Iliyoganda, kwa kipimo cha maji, tia kwenye chupa iliyofungwa kabisa, iloweke kwenye maji ya moto yasiyozidi nyuzi 50 mpaka chembe ziishe, ipoe, ndipo usome. Ukiyeyusha ikiwa wazi mvuke utatoka na utajidanganya. Ile ya kupima HMF na diastesi usiipashe moto hata kidogo, ikoroge tu mpaka iwe laini.

Uliza maabara kama ina ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara, kwa kipimo hicho hasa unachokitaka. Ithibati hutolewa kwa kipimo kimoja kimoja, na maabara inaweza kuwa nayo kwa maji ya kunywa isiwe nayo kwa asali. Kwenye fomu usiandike "kupima ubora". Andika: maji, HMF, diastesi, sukari, kaboni-13, kloramfenikoli, au chochote anachodai mnunuzi wako, na omba watumie mbinu atakayoikubali yeye.

Kisha sampuli igawe mafungu matatu kwenye chupa za glasi, zijae hadi juu, kila moja na namba ya pipa na tarehe. Moja maabara, moja ya mnunuzi, moja yako. Hilo lako mlifunge mbele ya wote wawili, mtie saini juu ya kifuniko, likae mahali penye giza na ubaridi. Namba zenu zikipishana, ndilo litakalopelekwa maabara ya pili.